Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maisha na Safari za Kipepeo Mfalme wa Afrika

Katika makala haya ningependa tumwangalie kiumbe mmoja ambaye tunapishana naye karibu kila siku hapa Otonglo bila hata kumwamkua. Huyu si mwingine ila yule kipepeo wa rangi ya machungwa anayepepea polepole kwenye nyasi za kando ya uwanja, kwenye nyua za watu na kandokando ya barabara ya kwenda Busia. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Kwa lugha ya kawaida anajulikana kama mfalme wa Afrika, kwa sababu ni ndugu wa damu wa kipepeo mfalme wa Marekani, ambaye sifa zake zimeenea ulimwengu mzima kwa ajili ya safari zake ndefu.

Huyo wa Marekani ameandikiwa vitabu na kupigiwa filamu. Huyu wetu je? Wengi hudhani eti ni mdudu wa hivi hivi tu, anazaliwa kichakani na kufia papo hapo. Kumbe sivyo! Naye ni msafiri, na safari za jamaa zake ndizo zinazomwokoa asikose kizazi. Fauka ya hayo, chakula cha watoto wake ni magugu ambayo sisi huyang'oa kila palizi bila kufikiri mara mbili. Hebu tufuatane hatua kwa hatua tuone mambo.

KUMTAMBUA NI RAHISI

Kipepeo huyu ni wa ukubwa wa wastani. Akikunjua mabawa, kutoka ncha hadi ncha hufika sentimita 7 au 8. Rangi yake ni ya machungwa, pembezoni ana ukingo mweusi wenye vidoa vyeupe, na kichwa na kifua chake ni vyeusi vyenye nukta nyeupe. Huruka chini chini, taratibu, kama mzee anayetembea uani kwake jioni. Hana haraka wala hana hofu. Sababu ya ushujaa huo tutaiona punde si punde.

Ukitaka kumjua dume na jike, usibabaike. Tazama bawa la nyuma. Katikati yake mna madoa meusi madogo, kwa kawaida matatu. Dume ana la nne, kubwa zaidi na lililotuna kidogo. Doa hilo ni kifuko cha manukato, na tutalirudia. Tafadhali likumbuke, maana mwishoni mwa makala nitakuomba ulitumie.

Tena, si wote wanaovaa sare moja. Wako wenye ncha nyeusi katika mabawa ya mbele, zilizopitiwa na mkanda mweupe. Wako wasio na ncha hizo nyeusi, wao ni machungwa karibu bawa zima. Hawa kwao hasa ni nchi kavu za kaskazini mashariki, upande wa Somalia na mashariki ya Kenya. Wako wenye bawa jeupe la nyuma, ambao asili yao ni Afrika Magharibi. Na wako wengine wenye rangi iliyokoza zaidi, wa upande wa kusini. Afrika ya Mashariki na ya Kati ni kama soko la Kibuye siku ya Jumapili: wote hawa hukutana hapa na kuoana.

Si jana wala juzi kipepeo huyu alipoanza kumvutia binadamu. Katika kaburi la Nebamun, karani wa Misri ya kale aliyeishi yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo, ukuta ulichorwa picha ya uwindaji wa ndege kwenye mafunjo, mafunjo kama haya yetu ya ufuoni mwa ziwa. Miongoni mwa ndege wale wanaonekana vipepeo wa aina hii hii. Picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum jijini London.

HATUA NNE ZA MAISHA

Kama vipepeo wote, mfalme wa Afrika hupitia hatua nne.

Ya kwanza ni yai. Jike akiwa tayari kutaga, hatafuti mmea wowote tu. Hutafuta mimea ya ukoo mmoja, ile ambayo ukivunja jani hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mmojawapo ni ule unaozaa matunda ya kijani yaliyofura kama puto, yenye vinywele, ambayo yakikauka hupasuka na kurusha mbegu zenye nyuzi laini kama pamba. Mwingine ni mpamba mwitu, wenye majani mapana na mazito, uotao sehemu kavu. Jike hutua, akalionja jani kwa miguu yake (naam, vipepeo huonja kwa miguu!), kisha hutaga yai moja chini ya jani na kwenda zake. Yai ni jeupe, dogo kama kichwa cha pini. Huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5.

Ya pili ni kiwavi. Mlo wake wa kwanza ni ganda la yai alimotoka. Baada ya hapo kazi yake ni moja tu: kula. Ana milia myeusi, myeupe na ya manjano, na mgongoni ana jozi tatu za pembe laini nyeusi. Ndugu yake wa Marekani ana jozi mbili. Ngozi yake hainyooki kadiri anavyonenepa, kwa hiyo hulazimika kuivua mara nne, kama mtoto anayeibana sare ya shule kila muhula ikabidi anunuliwe nyingine. Hatua hii huchukua wiki mbili hadi tatu.

Hapa kuna ujanja wa kustaajabisha. Ule utomvu wa mmea hunata kama gundi, na kiwavi mdogo anaweza kukwama mdomo akafa. Basi viwavi wa jamii hii kwanza huikata mishipa ya jani kwa meno. Utomvu ukishamwagika na kukatika, wao hula sehemu iliyobaki bila wasiwasi. Nani aliwafundisha? Hawakwenda shule, hawakufanya mtihani.

Ya tatu ni pupa. Kiwavi aliyeshiba hutafuta mahali pa faragha, akafuma kipande kidogo cha hariri na kujining'iniza kichwa chini. Hujivua ngozi kwa mara ya mwisho, na ndani yake hutokea kitu kama kijikoba laini cha kijani au cha waridi kulingana na mahali kilipo. Kwa nje unaweza kudhani amekufa. Kwa ndani mwili wa kiwavi unavunjwavunjwa na kujengwa upya. Siku ya mwisho ngozi ya pupa huwa kama kioo, na ukichungulia unaiona rangi ya mabawa.

Ya nne ni kipepeo kamili. Hutoka akiwa na mabawa yaliyokunjamana kama nguo iliyokamuliwa, akayajaza maji ya mwilini yakanyooka, akayakausha, kisha huyoo akaruka. Meno ya kiwavi hayapo tena. Sasa ana mrija mrefu uliojikunja kama springi, ambao kwao hufyonza mbochi ya maua. Katika joto kama letu la Kisumu, toka yai hadi kipepeo ni kama mwezi mmoja, na kipepeo mwenyewe huishi wiki chache tu. Kwa kuwa huku hakuna majira ya baridi kali, wao huzaana mwaka mzima, kizazi baada ya kizazi.

SIMBA MWENDA POLE

Sasa tulijibu lile swali: mbona haogopi? Jibu liko katika utomvu. Mimea ile ina sumu inayoudhuru moyo. Kiwavi anapoila, sumu haimdhuru. Badala yake anaweza kuiweka akiba mwilini, na akiba hiyo ikabaki hata akishakuwa kipepeo. Ndege akimmeza, hutapika. Nchini Marekani mtaalamu Lincoln Brower aliwapa ndege vipepeo wafalme wa kule na kuwaona wakitapika mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo, ndege wale waliikataa hata sura ya kipepeo huyo.

Kwa hiyo rangi ile ya machungwa na nyeusi ni kama bango lililoandikwa HATARI. Kipepeo huruka polepole makusudi ili bango lisomeke vizuri. Isitoshe, ngozi yake ni ngumu. Ndege akimdonoa na kumtema, mara nyingi huondoka akiwa hai.

Palipo na mwenye heshima hakukosi wa kumuiga. Yuko kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe, lakini jike lake limevaa sare ile ile ya mfalme wa Afrika. Ajabu ni kwamba majike hao huiga hata zile sura mbalimbali nilizozitaja: wako wenye ncha nyeusi na wasio nazo. Wao viwavi wao hula mimea mingine kabisa, ikiwamo ya jamii ya atipa, mboga ambayo nyanya zetu wanaijua sana. Ni kama raia aliyevaa sare ya askari: bunduki hana, lakini wahalifu watamkwepa.

SIRI YA MITOO

Tukitaja mboga, hebu tuzungumzie mitoo. Mitoo ni mboga chungu tunayoipenda hapa Nyanza, na jamaa zake wa porini, wenye maua ya manjano na vitumba vinavyolia kama kayamba vikikauka, wako tele. Madume ya mfalme wa Afrika huvutiwa mno na mimea ya jamii hiyo inaponyauka. Hutua juu ya majani na mashina makavu, wakayalowesha kwa mrija na kufyonza. Si chakula wanachotafuta. Wanatafuta kemikali fulani chungu ambazo mmea umejiwekea kwa kujilinda.

Kemikali hizo dume huzigeuza kuwa manukato. Nchani mwa tumbo lake ana vijibrashi viwili vya nywele, ambavyo huvichovya katika kile kifuko cha bawa la nyuma, lile doa la nne. Akimwona jike, humrukia karibu na kumpulizia manukato hayo mbele ya papasi zake. Dume asiyepata mimea hiyo hukosa harufu inayotakiwa, na jike humpa kisogo. Vijana wenzangu, kumbe kujipuliza marashi kabla ya kwenda densi hatukukuanzisha sisi!

SAFARI

Tukiwa tumemjua mwenyewe, sasa tuzifuate safari. Tuanze na za ndugu yake wa Marekani, ili tupate pa kulinganishia.

Kila mwaka, majira ya baridi yakikaribia, mamilioni ya vipepeo wafalme huondoka Kanada na mashariki ya Marekani, wakaruka hata zaidi ya kilomita 4,000 kwenda kwenye misitu ya milimani katikati ya Meksiko. Huwasili mwanzoni mwa Novemba na kuning'inia kwenye miti, maelfu kwa maelfu, hadi matawi yanainama. Wenyeji wa milima ile waliwajua tangu zamani, lakini wanasayansi walikuja kupaona mahali hapo mwezi wa Januari 1975, wakati Ken Brugger na Catalina Aguado, waliokuwa wakimsaidia mtafiti wa Kanada Fred Urquhart, walipopanda huko. Urquhart na mkewe Norah walikuwa wamewatafuta kwa miaka kama 40, wakibandika vijikaratasi kwenye mabawa ya vipepeo.

Jambo la kutia akilini ni hili: kipepeo anayeondoka Kanada hajawahi kufika Meksiko, wala mama yake, wala nyanya yake. Vile vizazi vya kiangazi huishi wiki chache tu. Kile cha safari ndicho huishi miezi 8 hivi, na kurudi kaskazini huchukua vizazi vitatu au vinne. Dira yao ni jua, na mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa saa ya kuisoma dira hiyo imo katika papasi zao.

Sasa, mfalme wa Afrika hana baridi ya kukimbia. Yeye hufuata mvua. Mimea ile ya utomvu huchipua mvua ikinyesha na kukauka kiangazi kikizidi, na sote tunajua kuwa ukanda wa mvua katika nchi zetu hupanda kaskazini na kushuka kusini kwa kufuata jua. Ndiyo sababu tuna mvua za masika kuanzia Machi na zile za vuli kuanzia Oktoba. Vipepeo nao husogea, leo hapa, kesho pale, bila makundi makubwa ya kuziba anga. Pengine ndiyo maana hawakupata sifa. Ukimwona mmoja akivuka barabara ya lami, huwezi kujua kama ni mwenyeji wa Kisian au ametoka mbali.

Lakini wataalamu walipata njia ya kujua. Walitumia zile sura nne kama sisi tunavyotumia nambari za magari. Gari lenye nambari ya Uganda likionekana Kondele, hatuhitaji kumwuliza dereva alikotoka. Vivyo hivyo, wakati wa miaka ya 1960 Denis Owen aliwachunguza vipepeo hawa Uganda, na katika miaka ya 1970 David Smith akawachunguza akiwa Dar es Salaam. Waliona kuwa idadi ya kila sura hupanda na kushuka, na mwaka 1997 wawili hao waliandika kueleza jinsi rangi za mabawa zinavyodhihirisha safari za vipepeo hawa barani Afrika.

Wala si yeye peke yake anayesafiri. Mwingereza C. B. Williams, aliyefanya kazi kituo cha Amani huko Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1920, alivutiwa sana na vipepeo wahamaji, akachapisha kitabu kuhusu uhamaji wao mwaka 1930. Yuko pia kipepeo Vanessa cardui, anayeonekana hata huku Kenya, ambaye jamaa zake huvuka jangwa la Sahara kati ya Ulaya na Afrika. Mwaka 2024 watafiti walieleza kuwa baadhi yao, waliopatikana Guyana ya Ufaransa mwaka 2013, walikuwa wamevuka bahari ya Atlantiki yote kwa kubebwa na upepo.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Huko Uganda, Owen aligundua jambo lingine lililomshangaza. Majike walikuwa wengi kupita kiasi. Kwa kawaida tunatarajia nusu kwa nusu. Madume walikuwa wamekwenda wapi?

Jibu lilipatikana miaka mingi baadaye. Mwaka 2000, watafiti waliochunguza vipepeo wa Uganda walitangaza kuwa wengine wana bakteria aitwaye Spiroplasma ndani ya miili yao. Bakteria huyu hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto kupitia yai. Kupitia baba hawezi. Kwa hiyo mtoto wa kiume kwake ni njia isiyo na mbele, gari lililofika mwisho wa barabara. Anachofanya ni ukatili mtupu: huwaua watoto wote wa kiume wakiwa bado wachanga mno. Dada zao hubaki na chakula kingi, hukua, na kumpeleka bakteria kizazi kingine. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Bakteria huyo alikutwa Kenya pia, na waliochunguza sana habari zake walifanya kazi Nairobi na viunga vyake, akiwamo Ian Gordon pamoja na yule yule David Smith. Waliwafuga vipepeo na kukuta mama ambao uzao wao wote ulikuwa majike matupu.

Hebu tulitafakari jambo hili. Jike mwenye bakteria huzaa majike tu. Nao wakizaa, ni majike tu. Baada ya vizazi vichache mahali hapo pangekosa dume hata mmoja, na ukoo mzima ungekwisha. Mbona basi haujaisha?

Ni kwa sababu ya wasafiri! Kila msimu wa mvua unapobadilika, huingia madume kutoka sehemu zisizo na ugonjwa huo, kama zile nchi kavu, nao ndio wanaooa majike wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha jambo la kupendeza: mabinti wanaozaliwa na majike hao wagonjwa huchukua sana rangi za baba mgeni. Basi msimu huu wakija madume wa kutoka upande mmoja, kizazi kinachofuata huvaa rangi za huko. Msimu mwingine wakija wa upande mwingine, sare hubadilika. Ukimwona kipepeo wa machungwa matupu kando ya uwanja wetu, huenda unaona habari za mvua iliyonyesha mamia ya kilomita kutoka hapa.

JEMBE NA DAWA

Sasa tufikie jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mgeni hawezi kufika ikiwa njiani hapana pa kupumzika wala pa kuzalia. Safari za kipepeo huyu ni za kupokezana kijiti. Mmoja hutaga mahali, watoto wake husonga mbele, nao hutaga kwingine. Kila kichaka chenye mmea wa utomvu ni kituo. Ukikiondoa, kijiti kimeanguka.

Huko Marekani jambo hili limekwisha kutokea. Kwa kuwa vipepeo wafalme hujikusanya kule Meksiko, watu huhesabu eneo la msitu walilolijaza. Katika majira ya baridi ya mwaka 1996 na 1997 walijaza zaidi ya hekta 18. Mwaka 2013 kuingia 2014 walijaza hekta 0.67 tu, yaani hata hekta moja haikutimia. Mwaka 2024 kuingia 2025 walifika hekta 1.79. Sababu kuu zinazotajwa ni ukataji wa ile misitu, mabadiliko ya hali ya hewa, na dawa za kuua magugu zilizopulizwa katika mashamba makubwa ya mahindi na soya hadi mimea ya utomvu ikatoweka humo. Hakuna aliyekusudia kuwaua vipepeo. Watu walikusudia kuua magugu.

Ni kweli kwamba huyu wetu bado yuko tele. Ameenea Afrika na hata Asia. Lakini hapa Otonglo kila mmoja anaona mambo yanavyokwenda. Nyumba za kukodisha zinachipuka kama uyoga, viwanja vinazungushiwa kuta, na mitungi ya dawa za magugu inauzwa madukani kando ya soda. Mkulima naye ana hoja: mmea ule ni sumu kwa ng'ombe, na utomvu wake ukiingia machoni huwasha vibaya. Hoja hiyo ni ya haki, na simwambii mtu aupande malishoni. Lakini uani mwa shule hakulishwi ng'ombe. Pembe moja ya uwanja, nyuma ya mabweni au kando ya ua, ikiachwa bila jembe wala dawa, yatosha kuwa kituo.

Tena si kweli kwamba vipepeo hawana faida. Hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Na kule Gede, karibu na Malindi, mwaka 1993 ulianzishwa mradi uitwao Kipepeo, ambapo wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo. Mwanzilishi wake ni yule yule Ian Gordon. Watu waliotaka kuukata msitu wakapata sababu ya kuulinda, kwa kuwa sasa ulikuwa ukiwalipia karo.

KAZI YA MIKONO YETU

Kwa kumalizia, naleta pendekezo mbele ya chama chetu cha Kiswahili na wenzetu wa chama cha sayansi. Kwanza, tuombe usimamizi wa shule utuachie hiyo pembe moja. Pili, tutafute kiwavi mmoja au wawili, tuwaweke katika chupa pana iliyofunikwa kwa kitambaa cha chandarua, tuwape majani mabichi ya mmea ule ule tuliowakuta juu yake kila siku, na tuandike tarehe za kila hatua. Tusisahau kunawa mikono baada ya kushika utomvu, wala tusijiguse macho.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuhesabu. Kila Ijumaa baada ya masomo, wanachama wawili wazunguke uwanja kwa nusu saa na daftari. Kila kipepeo wa machungwa atakayetulia waangalie: ana ncha nyeusi au hana? Bawa la nyuma ni jeupe au la machungwa? Na lile doa la nne lipo au halipo? Kalamu na daftari vyatosha, maabara haihitajiki. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na jedwali la kuonyesha ni mwezi gani madume huongezeka, na kama mvua ndizo zinazowaleta. Toleo lijalo la jarida hili lina nafasi ya kulichapisha jedwali hilo, likiwa limeandikwa kwa Kiswahili, kuhusu Otonglo, na wanafunzi wa Otonglo.

Anayetaka kujiunga na kundi la kuhesabu amwone katibu wa chama. Tutaanza mvua za kwanza za masika zitakaponyesha, kwa maana huenda wageni wako njiani.